Kikombe Ndani ya Mkoba

Sabuni ya limau ilikuwa imebaki kipande chembamba, na binti bado aliisugua viganjani. Hiyo ilikuwa mara ya tatu kunawa tangu alipoamka. Akanusa vidole: limau tupu. Akanusa tena, kwa sababu mtu akishaambiwa kwamba ananuka, hata umwogeshe kwa marashi, pua yake mwenyewe haimwamini tena.

"Ukimaliza ngozi utaanza kusugua mifupa?" sauti ilimtania kutoka mlangoni.

Alikuwa Kinyozi, amesimama kizingitini, shati lake limepigwa pasi mpaka lilikaribia kusimama lenyewe.

"Umekuja mapema," binti alisema, akificha mikono kwenye taulo.

"Mapema? Nimechelewa miezi minane. Ningekupeleka kwa mama siku ile ile ya kwanza, ila ulikuwa na kazi na mimi nilikuwa nataka kuzimia."

Alicheka bila kutaka. Mwanamume huyu alikuwa na kipaji hicho, cha kumtoa kicheko hata pale alipokuwa amekifungia na kufuli.

Siku hiyo ya kwanza wote wawili waliikumbuka kama jana. Yeye alikuwa mhudumu wa mochwari katika hospitali kubwa ya mji, mwaka wa sita sasa. Kazi yake ilikuwa kuwapokea waliokufa, kuwaosha, kuwachana nywele na kuwavalisha, ili ndugu wakija wamkute mtu wao na si kitu kingine. Kinyozi aliitwa kumnyoa mteja wake wa siku nyingi, Mzee Bakora, kwa sababu watoto wa marehemu walisema hakuna mwingine anayejua zile ndevu zilivyotakiwa kukaa. Alikuja na mashine yake ya kunyolea na koti lake jeupe, akasimama kando ya meza, na mikono ikamtetemeka hata swichi asiione. Mhudumu akamshika kifundo cha mkono. "Tulia," akamwambia. "Huyu haumii. Anza kushoto, mimi nitamshikia kichwa."

Akatulia, akanyoa, na alipomaliza akamuuliza jina. Akajibiwa kwamba pale watu hawana desturi ya kumuuliza jina. "Basi mimi nitakuita Tulia," akasema. Kesho yake akarudi akidai amesahau chanuo, na chanuo lenyewe limechomoza kwenye mfuko wa shati lake.

Kwa Kinyozi alikuwa Tulia. Mtaani alikuwa na jina jingine. Walimwita Barafu, na hawakumwita usoni. Muuza mboga alimwekea nyanya juu ya gazeti, asimpe mkononi. Mama mwenye nyumba alimwambia kwa upole kwamba nguo zake azianike kamba ya nyuma. Wachumba wawili walikuja wakapotea, na yule wa pili alikuwa muungwana kidogo, aliaga. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Walimpisha tu njia, na mtu akipishwa njia kila siku kwa miaka sita, mwisho anaanza kutembea ukutani mwenyewe.

Ndiyo maana alipoombwa kwenda kujulishwa kwa mama, aliweka sharti moja.

"Umemwambia?" alimuuliza sasa, akitundika taulo. "Nilikuambia, ajue kabla sijafika. Atakayenifukuza anifukuzie mlangoni, asinifukuzie mezani."

"Nimemwambia," alijibu Kinyozi, na akainama kufunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

"Akasemaje?"

"Akasema uje. Ameweka sufuria jikoni tangu saa kumi na mbili asubuhi. Twende, mpenzi, tusije tukakuta chai imekuwa uji."

Akachukua mkoba wake. Kabla ya kuufunga alipapasa ndani, akahakikisha kile alichokihitaji kimo, akatoka.

*

Chumba cha mbele cha nyumba yao ndicho kilichokuwa saluni ya Kinyozi, mlango wake ukielekea barabarani. Jumapili ilikuwa imefungwa. Walipita kando, wakaingia kwa mlango wa ubavuni, na kabla Tulia hajamaliza kusema hodi, alikuwa tayari amekamatwa.

"Karibu, karibu, karibu mwanangu!" Mama alikuwa mfupi na mpana, mpishi mstaafu wa shule ya bweni, na bado alizungumza kama anayeshindana na kelele za masufuria. "Ndiye huyu? Mbona uliniambia mzuri tu, hukuniambia mzuri hivi?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba!" Akamshika mikono yote miwili, akaigeuza huku na huku kama anayechagua viazi sokoni. "Tazama mikono hii, dada," akamwambia aliyeketi pembeni. "Laini! Hii ndiyo mikono ya kuhudumia watu."

Tulia alisimama kama aliyemwagiwa maji ya moto na baridi kwa pamoja. Anajua, aliwaza. Anajua, na bado ameishika. Hakuna aliyewahi kuishika mikono yake hivyo huku akijua inakoshinda, ila mwana wa mama huyu.

"Asante, mama," alinong'ona.

"Asante ya nini, na hata maji hujanywa?"

Kwenye kiti cha pembeni aliketi Mama Mkubwa, dada yake mama, mwembamba, miwani yake imening'inia kwa kamba shingoni. Alimpa Tulia mkono, akamkagua kutoka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, akarudi tena juu.

"Haya, tuone," alisema, kama fundi aliyeletewa redio mbovu.

Wakakaa mezani. Kulikuwa na mkate uliopakwa siagi, mayai ya kuchemsha na viazi vya kukaanga. Mama akafungua kabati la vioo akatoa vikombe vya kaure, vyeupe, vyenye ukingo wa rangi ya dhahabu, vile ambavyo watoto wa nyumba hii walikatazwa hata kuvitazama kwa muda mrefu. Akavipanga kimoja kimoja. Akaliinua birika.

Na hapo Tulia akafanya kile alichokuwa akikifanya kila mahali kwa miaka minne. Alifungua mkoba, akatoa kikombe chake cha bati, cha samawati, kilichobanduka rangi mdomoni, akakiweka mbele yake. Kile cha kaure akakisogeza pembeni kwa heshima, kwa kitambaa, asikiguse.

Kikombe kile kilikuwa na historia yake. Miaka minne iliyopita alimtembelea kaka yake, akanywa chai, akaaga. Njiani akakumbuka mwavuli. Alirudi kwa mlango wa jikoni, na ndani ya ndoo ya taka, juu ya maganda, akakiona kikombe alichonywea. Kilikuwa kizima, hakikuwa hata na ufa. Wifi yake alikuwa amekitupa tu. Tulia alichukua mwavuli wake, akapita dukani, akanunua kikombe cha bati, na tangu siku hiyo hakumpa mtu taabu ya kutupa chombo chake.

Birika la mama lilibaki hewani.

"Kuna nini?" aliuliza. "Kikombe changu kichafu?"

"Hapana, mama, sivyo..."

"Nimeviosha mwenyewe. Kwa maji ya moto. Mara mbili."

"Si nilikuambia mimi," alidakia Mama Mkubwa, akivaa miwani. "Wauguzi wa siku hizi wanaona vijidudu mpaka kwenye sala. Mkwe hajaingia, ameshatuona tuna maradhi!"

Wauguzi. Neno lile lilimpita Tulia, halafu likarudi likamgonga.

"Mama, samahani," alisema polepole. "Nimeleta changu ili msipate shida. Nilidhani kwa sababu ya kazi yangu mngependa..."

"Kazi ya uuguzi na vikombe vyangu vinahusiana wapi, mwanangu?"

Tulia aligeuka akamtazama Kinyozi. Kinyozi alikuwa akitazama yai lake, na uso ulimshuka.

"Ulimwambia nini?" alimuuliza.

"Nilimwambia... nilimwambia unafanya kazi hospitali. Unahudumia watu."

"Halafu?"

"Halafu yeye mwenyewe akasema ni muuguzi. Mimi nikanyamaza."

Tulia alikunja kitambaa chake mara mbili, akakiweka chini. Sauti yake ilipotoka haikutetemeka, na hilo lilimshangaza hata yeye.

"Mama, mimi si muuguzi. Nafanya kazi mochwari. Nawaosha waliokufa na kuwavalisha. Miaka sita sasa. Nilimwomba mwanao akuambie kabla sijakanyaga hapa, akaniambia amekuambia. Nilipoona umenishika mikono nikadhani..." Hapo sauti ikamsaliti. "Nikadhani unajua."

Mama Mkubwa alisimama. Alikwenda moja kwa moja jikoni, na wote mezani wakasikia bomba likifunguliwa na mikono ikisuguliwa, kwa muda mrefu sana.

Mama aliweka birika chini. Akakaa. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo.

"Unajua hapa mtaani waliniitaje?" alimuuliza Tulia. "Mlawaume. Nimezika wawili. Baba yake huyu, halafu yule aliyenisaidia kumlea. Yule wa pili alipokwenda, ndugu zake walinizuia hata kumwona. Walisema nina nuksi, nisije nikamfuata huko pia. Harusini nikialikwa, naonyeshwa kiti cha nyuma, karibu na masufuria, wananiambia wewe si mpishi bwana, kaa na wenzio. Mama mmoja alijisimamisha mbele yangu nisimguse binti yake aliyekuwa anaolewa. Miaka tisa nimekuwa nikilifagia neno hilo mlangoni kwangu. Sasa ndiyo kwanza limeanza kusahaulika. Sasa watasema nini?"

"Watasema kifo kimeoa humu ndani," alijibu Mama Mkubwa kutoka jikoni.

"Mama Mkubwa!" Kinyozi alifoka.

"Mwache," alisema Tulia. Alikuwa tayari amesimama, mkoba begani. Lililomuuma zaidi ni kwamba hakuona la kubisha. Kwa miaka sita alikuwa amekubaliana nao wote, muuza mboga, mwenye nyumba, wifi. "Mama ana haki. Hata mimi ningekuwa yeye ningeogopa. Asante kwa chai, mama. Na unisamehe kwa kukuacha ushike mikono yangu kabla hujajua."

Akatoka.

*

Kinyozi alimfikia langoni.

"Tulia, simama. Tafadhali."

"Umeniambia uongo."

"Nilitaka akupende kwanza. Akishakupenda, ningemwambia."

"Ampende nani? Yule muuguzi? Basi umemletea mama yako mchumba mwingine, mimi simjui."

"Nilikuwa naogopa."

"Ulikuwa unanionea aibu."

"Sijawahi kukuonea aibu, hata siku moja!"

Alimtazama. Alimpenda mwanamume huyu, na kumpenda kwenyewe ndiko kulikofanya aseme alichokuwa amekiweka moyoni miezi yote minane.

"Ile mashine uliyomnyolea Mzee Bakora, iko wapi?"

Kinyozi alijivuta kola ya shati.

"Niambie. Saluni una mashine tatu ukutani. Mimi naijua ile, ina mkanda mwekundu kwenye waya. Haiko ukutani. Uliitupa?"

"Sikuitupa. Ipo."

"Ipo wapi?"

"Droo ya chini," alisema kwa shida. "Nimeifunga kitambaa. Nimeisafisha kwa dawa, Tulia, nimeichemshia vichwa vyake, ni safi kuliko zote. Lakini wateja wakijua..."

"Hawajui. Ni wewe ndiye unayejua."

Kinyozi akautazama mlango wa saluni uliofungwa.

"Basi mimi ndiyo hiyo mashine," alisema Tulia, na sasa machozi yalikuwa yakishuka bila kuzuiwa. "Unanipenda, sikatai. Umeniosha, umenifunga kitambaa kizuri, umeniweka droo ya chini. Mimi nitakaa humo mpaka lini?"

Kinyozi alisimama tu, mikono imening'inia, mikono ile iliyojua kila kichwa cha mtaa ule na sasa haikujua ifanye nini. Angemwambia neno lolote, hata la kijinga, huenda Tulia angesimama. Tulia aligeuka, akapiga hatua kumi, kumi na tano. Kisha akashika mkoba ili apanguse machozi kwa leso, na mkoba ulikuwa mwepesi.

Kikombe kilikuwa kimebaki mezani.

Alisimama katikati ya njia. Angeweza kukiacha. Vikombe vya bati vimejaa madukani. Lakini miguu ilikataa, kwa sababu alijua akienda bila kukiona, usiku kucha angekuwa anakiona ndani ya ndoo ya taka, na safari hii ndoo ingekuwa ya mama aliyemshika mikono. Bora ajue. Akapiga moyo konde, akarudi, akampita Kinyozi bila kumwangalia, akazunguka nyuma kwenye mlango wa jikoni.

Ndoo ilikuwa pale pale ambapo ndoo zote za taka hukaa, kando ya mlango, na kifuniko juu. Alikiinua kwa vidole viwili. Maganda ya viazi. Maganda ya mayai. Akafukua kidogo kwa mpini wa ufagio. Hakukuwa na kitu kingine.

Kutoka ndani alisikia sauti ya Mama Mkubwa.

"Mdogo wangu, nakuomba. Kiweke chini hicho."

"Chai imeshamiminwa. Niimwage?"

"Hujui kimegusa nini!"

"Kimegusa midomo ya yule binti. Tena amekibeba ili asitusumbue. Wewe ushawahi kumwona mgeni anayebeba aibu yake kwenye mkoba, akaitoa mezani ili mwenyeji asiumwe na roho?"

Tulia alisogea mpaka kwenye ufa wa mlango, akaona hadi mezani, ng'ambo ya jikoni. Mama alikuwa ameketi mahali alipokuwa ameketi yeye, kikombe cha bati cha samawati mikononi. Alikipeleka mdomoni, pale pale rangi ilipobanduka, akanywa. Akashusha. Akanywa tena, safari hii funda kubwa.

"Nilikuwa naogopa," alimwambia dada yake. "Bado naogopa, sikufichi. Lakini mimi nilipangiwa kiti karibu na masufuria miaka tisa, halafu leo namwonyesha mtoto wa mwenzangu kiti hicho hicho! Maneno yale yale waliyoniambia ndiyo nimeyasema mimi, kwa mdomo wangu huu."

Mlango ulilia. Mama aligeuka.

"Ingia," alisema. "Mbona unasimama na ndoo ya taka kama hamjuani na nyumba?"

Tulia aliingia, kifuniko cha ndoo bado mkononi. Akakitazama, akatafuta pa kukiweka, hakupaona, akakikumbatia.

"Nilifuata kikombe changu, mama."

"Hukipati. Nakinywea." Mama alisogeza kikombe cha kaure mbele ya kiti cha jirani. "Chako ni hicho. Kaa, kinapoa."

Akakaa. Kisha Mama akauliza, bila kumtazama, akizungusha kikombe cha bati mezani:

"Mnapowaosha... mnawaongelesha?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Waliuliza kama anaogopa, kama anaota, kama anakula nyama.

"Ndiyo, mama," alijibu. "Mimi nawaambia kila ninachofanya. Nasema, baba, sasa nakuinua mkono. Sasa nakugeuza. Sasa nakufunga vifungo, hili shati limekupendeza. Huwa sitaki washtuke. Najua hawasikii. Lakini huwa sitaki washtuke."

Mama alifunika mdomo kwa kiganja.

"Yule wa pili," alisema, "alipitia hapo hapo kwenu, na alikuwa mwoga wa baridi. Miaka tisa nimekuwa nikijiuliza nani alimfunga vifungo. Kama alimfunga mpaka juu. Na kama alikuwa peke yake."

"Mimi sikuwepo wakati huo, mama. Lakini aliyekuwepo ni mzee aliyenifundisha kazi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwaongelesha. Hakuwahi kumwacha mtu bila kumfunga kifungo cha juu. Alisema kifuani ndiko baridi inakoingilia."

Mama alilia basi, kilio cha mtu mzima aliyechelewa kulia, bila kelele, na Tulia alifanya kile ambacho angemfanyia mtu yeyote kule kazini kwake. Alimshika kifundo cha mkono, akabaki amemshika. Safari hii mama alijua mkono ule ulikotoka, na alifunika mkono wake mwingine juu yake.

"Mwosha huoshwa," alisema mama, akijifuta pua. "Na mimi nitaoshwa, na huyu dada yangu mjuaji ataoshwa. Sijui tunamkimbia nani."

Mama Mkubwa alikuwa amesimama karibu na bomba muda wote huo. Akakohoa.

"Mimi sijasema nimekubali," alitangaza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Lakini likinifika, wewe binti, usije ukanivalisha lile gauni la kijani. Linaninenepesha."

"Nimesikia, Mama Mkubwa."

"Na nywele zangu zichanwe kwenda nyuma."

"Nyuma, sawa."

"Haya." Akavuta kiti. Akakaa, upande wa pili wa meza lakini akakaa, na akajichukulia kipande cha mkate.

Ndipo Mama alipokumbuka kwamba ana mtoto.

"Na huyo mwongo wangu yuko wapi? Njia ya mwongo fupi, wahenga walisema, lakini yake haikufika hata kwenye sukari!"

Kutoka mbele ya nyumba ulisikika mlango wa saluni ukifunguliwa. Mlango ule wa chuma ulilia mpaka mwisho wa mtaa. Jumapili, saa nane mchana, Kinyozi alikuwa akifungua kazi.

Tulia alitoka kutazama. Kinyozi alikuwa amebeba kiti chake cha kunyolea, kile kizito chenye ngozi nyeusi, akakiweka nje kibarazani, mbele ya barabara, mahali ambapo anayekwenda na anayerudi lazima apaone. Aliketi, akajifunga shuka la wateja shingoni. Mkononi alishika mashine yenye mkanda mwekundu kwenye waya. Kitambaa ilichofungiwa kilikuwa chini, miguuni.

"Njoo uninyoe," alisema.

"Umerukwa na akili. Watu wanapita."

"Ndiyo. Ndiyo maana nimetoka na kiti."

Kweli walikuwa wanapita. Jirani mwenye duka la vitabu alisimama, mteja wa kila wiki.

"Kinyozi! Leo unanyolewa badala ya kunyoa?"

"Leo nanyolewa," alijibu Kinyozi kwa sauti ambayo hakuwa akiitumia hata siku za wateja wengi. "Na mchumba wangu. Anafanya kazi mochwari. Hii mashine ndiyo niliyomnyolea Mzee Bakora, Mungu amrehemu, na kesho itakuwa ukutani na zenzake. Asiyeitaka aseme, nitamnyoa kwa nyingine. Lakini ajue ipo."

Mwenye duka la vitabu alijishika kichwa bila kujua amejishika. Akamtazama Tulia, akaitazama mashine. Akaitikia kwa kichwa, nusu salamu, nusu hofu, akaenda zake. Huenda angerudi, huenda asingerudi. Kinyozi alimsindikiza kwa macho, na Tulia aliona jinsi alivyomeza mate.

"Unaogopa," alimwambia.

"Sana. Lakini nataka niogope nikiwa na wewe huku nje." Akampa mashine. "Nisamehe, Tulia. Nilikuficha, na hukuwa kitu cha kufichwa."

Aliipokea. Alisimama nyuma yake, akakitazama kile kichwa alichokipenda, na ikamjia kwamba hakuwahi kunyoa mtu wa kuongea. Watu wake hawakuwa na haraka, wala hawakukunja shingo. Mlangoni, Mama alikuwa amesimama na kikombe cha samawati, akipuliza chai, akijifanya hatazami.

Tulia aliwasha mashine. Mabega ya Kinyozi yaliruka.

"Tulia," alimwambia, kama siku ile ya kwanza.

Akaweka kiganja chake kwenye paji la uso wake, na joto la ngozi likampanda mpaka kwenye kiwiko. Hakukumbuka kunusa vidole. Na kwa mazoea tu, kwa sauti ile ile ya chini ya miaka sita, akamwambia alichokuwa anataka kufanya.

"Sasa nakugeuza kichwa, kidogo, kushoto."

"Geuza," alijibu Kinyozi.

Mkono wake ulisimama hewani. Miaka yote sita alikuwa akisema maneno hayo, na hii ilikuwa mara ya kwanza kujibiwa.